Kibarua, Roboti na Suala la Ngeli

Wapo watakaohoji kwa nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili litoe kurasa zake kwa mchezo wa tarakilishi. Nawaomba wastahimili kidogo. Wengi wetu tumekesha bwenini na michezo hii kuliko tulivyokesha na riwaya teule, na naona ni unafiki kuipasua riwaya darasani kisha kuunyamazia mchezo uliotunyima usingizi. Isitoshe, bunilizi za kisayansi si ngeni katika fasihi yetu. Katama Mkangi alitupatia Walenisi mwaka 1995, na hakuna aliyemwambia anapoteza wino.

Mchezo ninaouzungumzia ni Mass Effect, kazi ya kampuni ya BioWare ya Kanada. Una sehemu tatu, zilizotoka miaka ya 2007, 2010 na 2012, kisha zikatolewa tena kwa pamoja mwaka 2021. Mchezaji huwa Kamanda Shepard, mwanadamu mwenye chombo cha angani na wenzake wa kila jinsi. Hupigana, naam, lakini zaidi huzungumza na kuamua. Maamuzi yake huhifadhiwa, hivi kwamba neno lililotamkwa katika sehemu moja laweza kumwokoa au kumwua mtu katika sehemu ifuatayo.

Kilichonigusa ni kisa cha Quarian na Geth. Quarian ni watu waliounda Geth, mashine za kuwafanyia kazi za sulubu. Mashine hizo ziliunganishwa akili, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo zilivyozidi kuelewa, hata siku moja mojawapo ikauliza iwapo ina roho. Quarian wakaingiwa na hofu, wakaamua kuzizima zote. Geth wakapigana, wakashinda, wakawatimua waliowaunda kutoka Rannoch, sayari yao ya asili. Kwa takriban miaka 300 Quarian wakawa watu wa melini, wenye kuvaa barakoa daima kwa kuwa miili yao haistahimili tena vijidudu.

Msomaji makini ameona kwamba katika aya hiyo nimeanza na ‘mashine hizo ziliunganishwa’ nikaishia na ‘Geth wakapigana’. Sikukusudia. Niliigundua hitilafu hiyo niliposoma upya, nikataka kuisahihisha, nikashindwa kuamua upande upi ndio kosa. Tunafundishwa kwamba vipatanishi vya A-WA ni vya wenye uhai. Basi aliyewatangazia Quarian vita ni kipatanishi. Siku roboti ilipouliza swali, bwana wake alipaswa kuchagua: roboti imeuliza, au roboti ameuliza?

Mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Mwenzangu wa chumba aliniazima nakala ya sehemu ya tatu pekee, nami nikaanzia hapo, kama mtu anayefungua riwaya katikati. Nilipofika Rannoch vita vilikuwa vimeiva. Nilipewa njia mbili: Geth waangamie au Quarian waangamie. Nilikuwa kijana, nilizipenda mashine, na Quarian niliwaona wabinafsi waliovuna walichopanda. Nikaziachia mashine zishinde. Meli zikawaka angani, na Tali, binti wa Quarian aliyekuwa rafiki yangu chomboni, akavua barakoa na kujitupa kutoka gengeni. Nilisikitika, nikalala, asubuhi nikaenda kwenye mhadhara wa fonolojia.

Mara ya pili ilikuwa likizo ndefu iliyopita, nyumbani Chepseon, kando ya barabara ya Kericho kwenda Nakuru. Safari hii nilikuwa na sehemu zote tatu. Nilicheza usiku, maana mchana kuna chai ya kuchuma, na mara nyingi mama mdogo alikuja kuketi nyuma yangu akimenya viazi. Mama mdogo alichuma chai kwa miaka mingi katika shamba moja kubwa upande wa Kericho, akiishi kambini na majirani Wakisii, Waluhya na Wajaluo. Kiswahili chake ni cha huko, chepesi na kisicho na subira. Mashine za kuchuma zilipoongezwa, jina lake lilikuwa miongoni mwa yaliyopunguzwa. Sasa anachuma kwa mkono katika mashamba madogo ya jirani, majani mawili na kichipukizi, na kulipwa kwa kilo.

Usiku mmoja akaniuliza, ‘Hao wa barakoa wanataka nini?’

Nikamwambia wanataka kurudi kwao.

‘Na hao wa chuma?’

‘Waliundwa wawafanyie kazi, mama mdogo.’

Akanyamaza kidogo. ‘Na kabla yao, kazi hiyo ilifanywa na nani?’

Sikuwa na jibu. Nimezunguka mchezo mzima, nimezungumza na kila anayezungumzika, na sijamkumbuka hata mmoja aliyetajwa kuwa ndiye aliyeshika jembe kabla ya Geth kuundwa. Kisa kina bwana na kina mashine. Mtu wa tatu hayumo. Nadhani hili ndilo pengo kubwa la bunilizi nyingi za roboti: hutushughulisha na roho ya mashine, zikamsahau kibarua.

Nikumbushe kuwa neno hilo lenyewe lina kisa. Kibarua ni barua ndogo, ile hati aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ihesabiwe kazi yake. Karatasi ikahamia kwa mtu, mtu akaitwa kwa jina la karatasi. Hata hivyo wazee waliotuachia lugha hawakukubali awe kitu: twasema kibarua amechoka, hatusemi kimechoka. Lakini kazi yenyewe nayo huitwa kibarua, na hiyo ndiyo inayochukua KI-VI, kama tusemapo kuwa kibarua chake kimeota nyasi. Kati ya mtu na ajira yake kuna silabi moja tu.

Nirudi Rannoch. Nilichojifunza katika kurudia ni kwamba ipo njia ya tatu ambayo mara ya kwanza sikuiona: suluhu baina ya Quarian na Geth. Lakini haichaguliwi siku ya vita. Ni lazima mchezaji awe ameiandaa katika sehemu ya pili. Awe amemsimamia Tali katika kesi ya uhaini bila kumwacha afukuzwe na watu wake. Awe amempokea chomboni Legion, Geth aliyekuja kwa amani, na wawili hao walipogombana awe amewapatanisha. Pamoja na mengine ya sehemu ya tatu yenyewe, hayo ndiyo humpa mtu uwezo wa kusema neno litakalosikika. Anayeanzia sehemu ya tatu, kama nilivyoanzia mimi, hawezi kuifikia suluhu hata akiwa bingwa wa kulenga shabaha.

Sasa, sehemu hiyo ya pili ilitoka Januari 2010. Ni sadfa tu, najua, lakini mwaka huo huo wafanyakazi wa mashamba ya chai nchini waligoma kupinga mashine za kuchumia. Mei 2023 waandamanaji waliingia mashambani Kericho na kuziteketeza mashine. Siku ile wengi waliandika kana kwamba kisa kimeanza asubuhi hiyo: wengine wakawaita waandamanaji maadui wa maendeleo, wengine wakaishangilia mioshi. Siungi mkono moto. Ila naona kwamba waliotutaka tuchague upande mbele ya mashine inayowaka walikuwa wakicheza sehemu ya tatu pekee.

Nilifurahi na wazo langu hili, nikamweleza mama mdogo kwa fahari ya msomi: kwamba mazungumzo yalipaswa kufanywa mapema. Aliweka kisu chini.

‘Sisi tuliongea,’ akasema. ‘Mwaka ule wa mgomo tuliongea mpaka sauti zikakauka. Huyu wako anaongea, wote wanamsikiliza. Yeye ni nani?’

Nikamweleza kuwa ni kamanda, ana chombo chake, na pande zote mbili zinamhitaji.

‘Basi ndiyo sababu,’ akasema, akaendelea kumenya.

Hapo makala yangu yaliingia ufa ambao sijauziba. Mchezo umejengwa juu ya dhana kuwa yupo mtu wa kati ambaye neno lake lina uzito kwa bwana na kwa mashine. Mchumachai hana chombo cha angani. Aliyesema mwaka 2010 alisema katika wakati ufaao, kabla ya siku ya vita, na bado hakuhifadhiwa popote.

Niliumaliza mchezo wiki ile. Suluhu ikapatikana: Legion akajitoa mhanga ili wenzake wapate akili kamili. Karibu na mwisho wake aliacha kusema ‘sisi’, akasema ‘mimi’. Tali akavua barakoa ufukoni na kuuhisi upepo wa kwao. Nilimwita mama mdogo aje aone, lakini alikuwa amekwisha kulala. Kesho yake kulikuwa na majani ya kupelekwa kituoni kabla ya mizani kufungwa, nasi tuliondoka pamoja alfajiri, kila mtu na kikapu chake.