Kwa kilo nzito, tunamuweka Ngannou wa kwanza

Vijana wa mashimo banabishana kila siku: katika MMA, kwa kilo nzito, nani wa kwanza? Bamoja banasema Jon Jones, bengine Tom Aspinall. Sisi tunasema Francis Ngannou, na hatusemi vile juu tu alichimba muchanga kule Batié, Kameruni, akiwa mutoto. Mwezi wa tatu 2021 alimuangusha Stipe Miocic, yule aliyemushinda mwaka 2018. Januari 2022, na goti bovu, akamushinda Ciryl Gane. Mwaka mumoja nyuma akatoka UFC, na hakuna mutu aliyemunyanganya mukanda ndani ya ulingo. Jones alimumaliza Gane mu raundi ya kwanza, ni kweli, lakini mukanda ulikuwa umebaki bila mwenyewe.

Orodha ni ya kampuni. Ukitoka, jina linafutwa. Na Ngannou aliomba nini? Bima ya matunzo kwa wapiganaji wote, na mutu wa kuwasemea kwenye mikutano. Sisi wa sendika tunaijua hiyo: anayedai kofia ya usalama ndiye jina lake linakosa kwanza kwenye orodha ya kazi. Aspinall amupige kwanza, kisha tutabadilisha.