Nani Alimlipia Rubani?

Toleo hili tumewatengea wanawake waliotangulia kurusha ndege nchini mwetu. Nataka tulifungue kwa swali ambalo masimulizi ya marubani hulipita mbio: ada ilitoka wapi?

Beryl Markham aliletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro kwenye mazizi ya farasi ya baba yake. Urubani alifundishwa na Tom Campbell Black wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na mwanamke mwenye mali, Florence Kerr Wilson. Beryl alipopata leseni ya kibiashara alibeba barua, akabeba abiria, akawatafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Septemba 1936 aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, akapambana na upepo kwa zaidi ya saa 20, mafuta yakakatika, akatua kwa kishindo katika kinamasi cha Nova Scotia. Akawa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Namheshimu kwa dhati.

Ila ujasiri haukuzaliwa Njoro pekee. Mwaka 1908, Beryl angali mtoto, Moraa Ng'iti aliwachochea vijana wa Gusii kuwakabili Waingereza, na mmoja wa vijana hao, Otenyo, akamchoma mkuki ofisa wa Waingereza, Northcote. Mwafrika wa Kenya ya enzi hizo, awe jasiri namna gani, hakuwa na njia ya kufika kwenye kiti cha rubani.

Kenya Airways ilimpata rubani wake wa kwanza mwanamke mwaka 1993, miaka 30 baada ya uhuru: Irene Koki Mutungi. Alianzia mafunzo Uwanja wa Wilson, unaobeba jina la Florence yule, akayamalizia Marekani. Mwaka 2014 akawa Mwafrika wa kwanza mwanamke kuwa nahodha wa Boeing 787. Baba yake alikuwa rubani wa shirika hilohilo. Hilo halimpunguzii chochote. Linatuonyesha tu mlango ulikuwa wapi.

Sasa namuwaza binti wa Nyanchwa, Kisii, hodari wa fizikia, ambaye wazazi wake wanauza ndizi na majani ya chai. Uwanja wa ndege wa Suneka hauko mbali naye. Ada ya urubani ndiyo iliyo mbali. Kaunti za Kisii na Nyamira hutoa basari kila mwaka. Tunaziomba, kupitia kurasa hizi, zitenge nafasi za urubani kwa mabinti, na majina ya watakaofadhiliwa yatangazwe hadharani.