"Hilo Likianza Kuuma, Urudi Tuling'oe"



Najua mmezoea kunisoma hapa nikiandika mambo ya Katiba na kesi. Leo naandika kuhusu meno. Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu uniambie kama hii siyo siasa.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Shinyanga, nikapita Geita kumsalimia kaka yangu. Yeye ni mwanaapolo, anachimba kwenye maduara ya Nyarugusu. Nilimkuta shavu limevimba upande mmoja kama mtu aliyebana ndimu mdomoni. Jino la nyuma lilikuwa linamsumbua wiki ya tatu. Mchana anameza Diclopar ili aweze kushuka duarani, usiku analala na karafuu. Jamaa mmoja wa kambini alishamshauri adondoshee maji ya betri ili "kuua mdudu". Nilipiga kelele mpaka kambi nzima ikacheka.

Kesho yake nikamburuta hadi kituo cha afya. Sikitaji, kwa sababu aliyetuhudumia alikuwa muungwana na tatizo siyo yeye. Alimulika kwa tochi, akasema jino lenye usaha halina namna, litoke. Sawa. Halafu akamulika la pembeni yake. Lina kashimo kadogo, haliumi kabisa. Nikamuuliza, "Na hili dokta, si unaweza kuliziba?"

Akatabasamu kwa huruma. "Dada, hapa kuziba hatuna. Hilo likianza kuuma, urudi tuling'oe."

Kaka akaniambia tukiwa njiani kwamba hata lile lililong'olewa aliwahi kwenda nalo mapema, lilipokuwa linashtuka tu akinywa maji ya baridi. Alijibiwa hivyo hivyo. Akaondoka, akasubiri liume. Yaani alifanya alichoambiwa.

Tangu siku ile sentensi hiyo haijanitoka kichwani. Hebu ihamishie kwenye kiungo kingine. Una kidonda kidogo kidoleni, daktari anakwambia nenda nyumbani, kikioza urudi tukikate. Tungeandamana. Lakini kwa kuwa ni jino, tunasema ndo maisha.

Tuelewane kuhusu jino lenyewe, maana wengi wetu tumekua tukiamini kwamba jino bovu dawa yake ni koleo. Jino lina ganda gumu la nje, chini yake kuna sehemu laini kidogo, na katikati kuna chumba chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari na kutoa tindikali, na tindikali ndiyo inayotoboa ganda. Hakuna mdudu wa kuuliwa na maji ya betri. Fikiria basi mchimbaji anayekesha kwa soda na "energy" ili usingizi usimchukue. Kila funda ni sukari inayoogesha meno.

Shimo likiwa dogo, jino linazibwa na linaendelea kufanya kazi kwa miaka. Likifika kwenye mshipa, mara nyingi bado linaokolewa kwa matibabu ya mzizi: linasafishwa ndani, linajazwa, linafunikwa. Likiwa limebomoka kiasi cha kutoshika kitu, hapo ndipo linang'olewa, na pengo linaweza kuwekewa jino bandia. Fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki ni jambo lingine, zinahitaji kusafishwa ugaga kabla hazijaachia meno. Kwa hiyo kung'oa ni hatua ya mwisho. Sisi tumeifanya ya kwanza na ya mwisho.

Na usidhani jino haliui. Usaha ukishuka kutoka kwenye jino hadi chini ya ulimi na shingoni, unaweza kuziba njia ya hewa. Ukiona uvimbe unashuka shingoni, homa, kumeza kwa shida au mdomo haufunguki, usisubiri asubuhi. Hiyo ni dharura, nenda hospitali.

Sasa sikilizeni kitu ambacho mimi mwenyewe nilikisoma nikarudia mara mbili. Utaniambia kuziba jino kunahitaji kiti cha umeme, mashine ya kutoboa na mtaalamu wa mjini, kwa hiyo tusimlaumu mtu. Katikati ya miaka ya 1980 kulianzishwa njia ya kuziba jino isiyohitaji umeme wala mashine. Tabibu anatumia vifaa vya mkono, anakwangua sehemu iliyooza, kisha anajaza simenti ya glasi ionoma, ambayo inashikana na jino lenyewe na kutoa floridi taratibu. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Unajua njia hiyo ilianzia wapi? Siyo Uswisi. Ilianzia hapa Tanzania, katika mpango wa huduma ya msingi ya meno ulioendeshwa kutoka Dar es Salaam, na mtu anayetajwa sana ni daktari Mholanzi Jo Frencken.

Mwaka 1994 Siku ya Afya Duniani ilikuwa na kaulimbiu ya afya ya kinywa, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hii dunia nzima. Mwaka 2021 simenti hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Yaani dunia nzima imejifunza kutoka kwetu, halafu mtu wa Nyarugusu anaambiwa arudi likianza kuuma.

Njia hii ina mipaka yake. Shimo la upande mmoja linashika vizuri, shimo kubwa la pande nyingi halidumu sana. Haimwokoi mtu ambaye usaha umeshafika. Lakini kwa kale kashimo ka kaka yangu, ni yenyewe kabisa. Na kwa Geita ina faida nyingine. Ule ujazo wa zamani wa rangi ya fedha una zebaki ndani yake, zebaki ile ile ambayo ndugu zetu wanakamatia dhahabu kwa mikono mitupu na kuichoma uani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana ujazo huo usitumike kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila pale tu mtaalamu anapoona hakuna budi. Simenti ya glasi ionoma haina zebaki. Nchi ikitaka kutekeleza mkataba wake, njia ya bei nafuu iko mkononi.

Nikauliza kliniki moja ya binafsi mjini. Kuziba, elfu sitini. Kule kituoni tulilipa elfu kumi na tano kung'oa. Mwanaapolo anayelipwa pale tu mwamba unapotoa atachagua nini? Wanaosema "wananchi wetu wanachelewa kuja" wanasema kweli nusu. Watu wanachelewa kwa sababu wanajua kinachowasubiri ni koleo. Nani anawahi foleni ya kung'olewa?

Hapa ndipo sheria inapoingia, na mnivumilie kidogo. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inasema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Inapendeza kusoma. Lakini rudi nyuma hadi ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Maana yake, siwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa ibara ya 11 kwa sababu kaka yangu amekosa simenti ya jino. Ndiyo maana tunapodai Katiba mpya siyo hobi ya wanasheria. Tunadai haki ya afya ambayo mwananchi anaweza kuishika na kwenda nayo mbele ya hakimu.

Lakini tusikae tukisubiri Katiba mpya huku meno yanaisha. Kuna sheria ambayo tayari ina meno yake. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kilivyowekwa na marekebisho ya mwaka 2017, kinamtaka mwenye leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri kwa kuzingatia vipaumbele vya eneo. Kinaitaka pia halmashauri isimamie utekelezaji na iwaelimishe wananchi kuhusu miradi hiyo. Nitawauliza ninyi mnaoishi Geita, Msalala, Kahama na Kishapu: mara ya mwisho kuelimishwa ni lini? Na je, kuna aliyesimama akasema kipaumbele chetu kimoja ni vifaa vya mkono vya kuzibia meno na simenti yake katika kila kituo cha afya? Tunaambiwa tu madarasa na madawati. Madarasa ni sawa. Lakini mtoto aliyekesha na jino hasikii kinachofundishwa humo darasani.

Na sisi upinzani tusijitoe. Kwenye mikutano yetu tunapiga kelele kuhusu mrabaha na makinikia, makofi yanapigwa, tunashuka jukwaani. Sijawahi kusikia mgombea wetu hata mmoja akiahidi kuziba jino. Wazee kwenye chama wakiniambia haya ni mambo madogo, nawaomba radhi, shikamoo zenu, lakini nakataa. Utajiri unaopita mlangoni kwako unaupima kwa nini, kama siyo kwa kilichomo mdomoni mwa mtu anayeuchimba?

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, muulize kituo chetu kinaziba au kinang'oa tu, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. Pili, madiwani na wagombea wetu wadai vifaa hivyo viingie kwenye bajeti ya halmashauri na kwenye mpango wa kifungu cha 105. Tatu, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Tupaze sauti kuziba jino kuwe ndani ya kitita cha msingi na kupatikane kwenye kituo cha afya, siyo mpaka mtu apande basi kwenda hospitali ya rufaa Mwanza.

Na wewe unayesoma, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, hasa kabla ya kulala. Punguza soda. Ukiona kashimo, usisubiri liume. Ukiambiwa kuziba hakuna, uliza kwa nini hakuna, na uliza kwa sauti ya heshima ila usiondoke bila jibu.

Kaka yangu amerudi duarani. Anatafunia upande mmoja. Kila Jumapili nikimpigia simu namuuliza, "Kaka, la pembeni vipi?" Ananijibu, "Bado halijaanza." Nauli na elfu sitini tunachangishana mimi na mama, tumefika arobaini na mbili. Tunashindana na jino.

Hii ni familia moja yenye mtoto chuoni anayejua kuuliza. Je, ambao hawana?