Keki ya mwezi: ulimi peke yake si hakimu

Tunaandika kwa kupinga neno moja tunalolisikia kila mara Mchina wa Kolwezi ao wa Lubumbashi anapogawia Wakongomani chakula cha sikukuu yake: "Hii njo gato? Sukari mingi, kiisha yai ya chumvi mu kati!" Wasomi wetu pia wanalisema, na wanacheka. Sisi tunasema: anayecheka hivyo hajui anakula nini.

Tueleze kwanza. Siku ya 15 ya mwezi wa 8 wa kalenda ya Wachina (mwaka 2025 ilikuwa tarehe 6 Oktoba), jamaa zinakusanyika usiku kutazama mwezi mpevu. Ndiyo sikukuu ya katikati ya vuli. Tangu 2008 ni siku ya mapumziko China nzima. Chakula chake kinaitwa yuebing, maana yake keki ya mwezi. Ile ya Guangdong, inayojulikana sana, ina ngozi nyembamba yenye chapa. Ndani iko mbegu za yungiyungi zilizosagwa na kupikwa na sukari na mafuta, na katikati kiini cha yai la bata lililolazwa katika chumvi. Kiini kile cha duara ndicho mfano wa mwezi. Suzhou wana yao ya tabaka tabaka. Yunnan wanatia nyama ya nguruwe.

Kosa la kwanza la wanaocheka ni namna ya kula. Sanduku moja lilipofika kwenye chumba chetu cha walimu, wenzetu wengine walitwaa keki nzima na kuiuma kama mandazi. Mara ya pili tu, basi, imewashinda! Lakini keki moja inakatwa kwa kisu vipande 4, 6 ao 8, na inaliwa pamoja na chai isiyo na sukari, ambayo inapunguza yale mafuta. Nani anahukumu pilipili kwa kuila kama ndizi?

Kosa la pili ni kubwa zaidi: wanafikiri ni kitu cha utamu tu. Keki ni ya duara kwa sababu jamaa iliyokusanyika ni duara, hakuna aliyepungua. Mtu aliyeacha mke na watoto ng'ambo, akikukatia kipande usiku ule, anakuhesabu. Na weye unamjibu "sukari mingi"?

Wengine watasema: "Banabeba shaba na kobalti yetu, kiisha banatupa gato!" Tunajibu: mkataba wa Sicomines wa 2008, uliosahihishwa 2024, ujadiliwe kwa nguvu zote, lakini mahali pake. Kipande cha keki si sahihi ya mkataba.

Tena, Wachina wenyewe wanabishana juu ya keki hii. Mwaka 2013 wakubwa wa serikali walikatazwa kununua keki za zawadi kwa pesa ya umma. 2022 masanduku ya kupita yuan 500 yakawekwa chini ya uangalizi mkali. Wao wanapigania desturi yao isigeuke rushwa na majivuno. Sisi tunapigania nini? Mvua ikija, bowa na vinkubala vinajaa sokoni, lakini mgeni akibisha tunavificha na kutuma mtoto anunue biskuti. Kucheka chakula cha mwingine na kuficha cha kwetu ni ugonjwa mmoja: mtoto anayeona hivyo anajifunza kwamba chakula cha wazee, popote, ni aibu.

Basi, wapenzi wasomaji, mwaka kesho mkiletewa keki ya mwezi, ulizeni maana yake, kateni, onjeni kidogo kidogo na chai. Kiisha mwenye kusema "haikunipendeza" aseme. Ulimi ni wake. Lakini sahani ya jirani hairudishwi tupu. Tuirudishe na vinkubala vyetu vilivyokaangwa vizuri, na tumweleze vinatoka kwenye mti gani, na nani alitufundisha kuvikusanya.