MOTO ULIO CHINI YA MIGUU YETU

Mkulima wa mpunga wa Kilangali, wilayani Kilosa, hahitaji kufundishwa tabia ya maji. Aijua. Mwaka yanapokuja kwa kiasi, ghala hujaa. Mwaka yanapokosekana, majaruba hupasuka na jasho la msimu mzima hupotea. Na mwaka yanapokuja kwa ghadhabu, kama yalivyofanya katika wilaya hiyo mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, huchukua nyumba, huchukua mazao, na hata njia ya reli huikata. Kwa hiyo mkulima huyo huyategemea maji, lakini hayaamini. Hupanda mpunga bondeni, na juu kidogo hupanda mahindi na muhogo, ili kimoja kikimwangusha, kingine kimwinue.

Leo twauliza kama Taifa zima, katika jambo hili la umeme, linayo hekima ya mkulima huyo.

Tuanze na lililo jema, maana si haki kulipita kimya. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilikamilika mwaka 2025. Ni kazi kubwa iliyolipiwa na fedha ya wananchi wenyewe, na wale waliosema kwamba haiwezekani wamekwisha jibiwa na taa zinazowaka. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mapema mwaka 2024, na mwaka huo huo umeme ukazidi mahitaji hata mitambo mingine nchini ikazimwa kwa muda. Taifa lililozoea kuhesabu saa za giza likajikuta lina ziada. Twajivunia jambo hilo, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini hebu tuitazame ramani. Mtera una megawati 80. Kidatu, jirani wa Mikumi, una megawati 204. Kihansi una megawati 180. Nalo Bwawa la Julius Nyerere lina hizo 2,115. Yote manne yanakunywa maji ya bonde moja, bonde la Rufiji. Ruaha Mkuu huingia Mtera, huteremka Kidatu, kisha maji yake hushuka kuungana na mengine katika Rufiji. Na maji ya Kihansi nayo huishia huko huko kwa njia ya Kilombero. Katika uwezo wote wa nchi, ambao mwaka 2025 ulifika kiasi cha megawati 4,000, zaidi ya sehemu sita katika kumi zimefungwa kwenye bonde hilo moja. Mvua ya bonde hilo ikikataa kunyesha, hakuna waziri, wala mhandisi, wala kiongozi yeyote atakayeiamuru.

Wala hayo si maneno ya kutishana. Mwaka 2006 mabwawa yalikauka na nchi ikaingia katika mgao. Mwaka 2022 ukame ulirudi, na mgao nao ukarudi. Wenye mali walinunua jenereta. Lakini mtu wa kinu cha kukobolea mpunga alikaa juu ya magunia akisubiri. Fundi wa kuchomelea vyuma alikunja mikono. Kibarua wa kiwandani aliambiwa arudi nyumbani, na siku asiyofanya kazi ni siku asiyolipwa. Mgao wa umeme, ukiutazama vizuri, ni mgao wa chakula, na kila mara fungu dogo humwangukia mnyonge. Na sasa tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapita Kilosa kwenda Dodoma. Zamani umeme ukikosekana tulikosa taa. Siku hizi hata safari yaweza kusimama.

Basi, je, tumenyimwa njia nyingine? Hatukunyimwa. Chini ya miguu yetu mna moto.

Nchi yetu imepitiwa na Bonde la Ufa. Mahali lilipopita, ardhi ilipasuka, na mawe yenye joto kali yakasogea karibu na uso wa dunia. Maji ya mvua hupenya katika nyufa, hufika kwenye mawe hayo, huchemka, na hutafuta njia ya kurudi juu. Ndiyo chemchemi za maji moto ambazo wazee wetu walizijua kabla ya mtaalamu yeyote kuzipima. Ziko Kisaki, katika mkoa huu huu wa Morogoro. Ziko Luhoi, upande wa Rufiji. Ziko Songwe na Kiejo-Mbaka. Na katika mkoa wa Mbeya lipo ziwa Ngozi, lililolala ndani ya kinywa cha volkano ya zamani. Kaskazini iko Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai ambao bado unafuka. Wataalamu wanakadiria kwamba joto hili laweza kutoa megawati 5,000, yaani zaidi ya mara mbili ya Bwawa la Julius Nyerere. Hata kama makadirio hayo yangepunguzwa nusu, bado ni utajiri.

Namna ya kuupata umeme huo si uchawi. Huchimbwa kisima chembamba chenye kina cha kilomita mbili au tatu. Mvuke ukipatikana, huongozwa kwa mabomba mpaka kwenye mtambo, ukazungusha mapanga, na mapanga yakazungusha jenereta. Maji yaliyopoa hurudishwa ardhini kwa kisima kingine ili chungu kisikauke. Mvuke huo haungoji masika. Hufanya kazi usiku na mchana, kiangazi na mvua, wala haununuliwi kwa fedha za kigeni kama mafuta.

Lakini mpaka mwaka 2025, hapakuwa na taa hata moja Tanzania iliyowashwa kwa mvuke wa ardhi. Kampuni ya Taifa ya kuendeleza jotoardhi iliundwa mwaka 2013. Yamefanyika mapimo, yameandikwa maandishi, na mwaka 2021 vilichimbwa visima vifupi vya utafiti huko Kiejo-Mbaka. Hatusemi kwamba wataalamu hao wamelala. Twasema kwamba kazi yao haijapewa uzito unaolingana na hatari tuliyoieleza.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya, maana wao wamepita njia hii kabla yetu. Huko Olkaria, karibu na ziwa Naivasha, visima vya kwanza vilichimbwa katika miaka ya 1950, na havikufaa kitu. Kazi ikaachwa. Ikaanzwa tena katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Mwaka 1985 zilifika 45. Mwaka 2009 ukame uliyapiga mabwawa yao nao wakaingia katika mgao. Lakini wakajifunza, na katika miaka ya 2014 na 2015 waliongeza megawati 280 huko huko Olkaria. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za mvuke, na umeme huo ni kiasi cha sehemu nne katika kumi za umeme wanaoutumia. Joto hilo hilo hupasha nyumba za maua kule Naivasha, na huko Menengai wamelifanyia majaribio ya kukausha nafaka. Mkulima wa mpunga anayeanika mavuno yake barabarani huku akiitazama mbingu kwa hofu atafahamu mara moja faida ya jambo hilo.

Tangu kisima kile cha kwanza hadi mtambo wa kwanza ilipita miaka kama 25. Hilo ndilo fundisho. Mvuke haupatikani kwa pupa, wala haupatikani kwa kuahirisha. Anayetaka umeme huo wakati wa ukame ujao hana budi kuchimba leo, wakati mabwawa yamejaa.

Wako wanaosema: tuna ziada, ya nini kujisumbua? Twawajibu kwa lugha ya mkulima: ghala hujengwa wakati wa mavuno. Hakuna mwenye akili aanzaye kufyatua matofali ya ghala njaa ikiwa imekwisha ingia nyumbani. Akiba haiozi. Ziada ya leo ndiyo nafasi tuliyopewa ya kufanya kazi hii kwa utulivu, bila kukimbilia mikataba ya haraka ambayo mtu hutia saini akiwa gizani.

Wako pia wanaosema kwamba kazi hii ni ghali. Ni kweli. Kisima kimoja kirefu hula mamilioni ya dola, na chaweza kutoka kitupu. Ndiyo sababu mfanyabiashara wa kigeni husita kuja mpaka mvuke umekwisha onekana. Na akija baada ya hapo, huja na masharti. Kenya ilielewa jambo hilo, na mwaka 2008 ikaunda shirika la umma la kuichukua hatari hiyo ya kwanza kwa niaba ya wananchi. Nasi twaamini kwamba hakuna njia nyingine. Lazima umma uchimbe, ili mvuke utakapopatikana uwe mali ya umma, na atakayekuja kununua aukute ukiwa na mwenyewe. Tumeweza kulijenga bwawa la Rufiji kwa fedha yetu. Hatuwezi kushindwa na visima.

Lakini haitoshi kusema chimbeni. Yako mambo matatu ambayo wanachama na wafanyakazi hawana budi kuyasimamia.

La kwanza ni hesabu. Fedha inayozikwa kilomita tatu chini ya ardhi ni rahisi kupotea njiani kabla ya kufika ardhini. Wananchi waambiwe wazi kisima gani kimechimbwa, kimegharimu nini, na kimetoa nini. Kisima kilichotoka kitupu si aibu. Aibu ni kukificha.

La pili ni ujuzi. Vijana wetu wafundishwe kuchoronga, kupima mvuke, kuunga mabomba na kuitunza mitambo. Tusije tukawa na moto wetu, halafu tukawa wabebaji wa vyuma vya wengine. Mfanyakazi aliyejifunza kazi hiyo Mbeya ataweza kesho kuifanya Kisaki.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni haki ya wenye ardhi. Mwaka 2014 familia za Wamaasai walihamishwa kupisha mitambo ya Olkaria. Baadhi yao walilalamikia makazi mapya, malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ilibidi usuluhishi ufanyike baada ya kazi kwisha. Sisi tusuluhishe kabla ya kazi kuanza. Mwanakijiji asihamishwe kwa barua. Akae mkutanoni, aulizwe, alipwe, na awe miongoni mwa wa kwanza kuwashiwa taa.

Twasisitiza neno hilo la mwisho kwa sababu watu wa Kilosa na Mikumi wanalifahamu kwa macho yao. Tangu Kidatu ilipoanza kazi mwaka 1975, nyaya kubwa zimepita katika nchi yao, zikivuka hata mbuga ya Mikumi, zikipeleka nguvu Morogoro na Dar es Salaam. Kwa miaka mingi umeme ulipita juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakisomea kibatari. Serikali imefanya kazi kubwa kulirekebisha jambo hilo, na imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimekwisha fikiwa. Lakini kijiji kufikiwa si kila nyumba kuwaka. Vimebaki vitongoji, na kitongoji kilichobaki ndicho kipimo cha maneno yetu yote ya usawa.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wetu wasiliache jambo hili kwa wataalamu peke yao. Liulizwe katika mikutano ya mashina na matawi. Liulizwe katika mabaraza ya wafanyakazi. Mbunge akija kuomba sauti za watu, aulizwe nini kimefanyika Ngozi, nini Kiejo-Mbaka, nini Kisaki, na lini taa ya kwanza itawaka. Swali la mwananchi likirudiwa mara nyingi huwa amri.

Mkulima wa Kilangali hakungoja afundishwe kutoliamini bonde moja. Amepanda na mlimani pia. Taifa nalo lifanye vivyo hivyo. Maji ya Rufiji tunayo, na tuyatunze. Moto tunao pia, nao umetungoja muda mrefu. Sasa tuuchimbe.