Singe iliua wachache, ilitisha wengi

Katika mchezo wa video wa Battlefield 1, uliotolewa 2016 na unaohusu Vita ya Kwanza ya Dunia, mchezaji hukimbia na singe mbele ya bunduki, akipiga ukelele, na adui hufa kwa pigo moja. Picha hiyo inapotosha. Hata kabla ya vita hiyo, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, madaktari wa jeshi la Muungano, upande wa kaskazini, walihesabu majeraha ya vitani yapatayo 250,000. Ya singe na panga hayakufika 1,000. Risasi na mizinga ndivyo vilivyoua.

Atasema mtu kwamba waliochomwa singe walifia uwanjani kabla ya kumwona daktari. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi kuziba pengo kubwa kiasi hicho. Jibu liko kwenye miguu ya askari: safu yenye singe ilipokaribia, upande mmoja kwa kawaida ulikimbia kabla vyuma havijakutana. Kazi ya singe ilikuwa kuvunja moyo, na hiyo, kwangu, ndiyo sehemu nzito zaidi ya historia yake.

Wengine watasema mchezo ni burudani tu. Sawa, ila vijana wengi huijua Vita ya Kwanza ya Dunia kupitia skrini kabla ya kitabu. Watengenezaji wangeweza kabisa kumpa adui hofu: atetemeke, atupe silaha, ageuke akimbie. Mchezo wa namna hiyo ungesisimua vilevile, na ungewaheshimu zaidi waliosimama kwenye mahandaki yale.