Zilipendwa Hazikuwa Nyimbo za Adabu

Kila wimbo wa kijana unapofungiwa nchini, hurudi hoja ile ile: wazee wetu waliimba kwa staha, walifunza, hawakumkwaza mtu, vijana wa leo ndio walioharibika. Hoja hii hutolewa majukwaani, hukaririwa magazetini, na hurudiwa hata na wanafunzi ambao walikuwa hawajazaliwa nyimbo hizo zilipotungwa. Ni hoja tamu, lakini si ya kweli. Nami nazipenda mno nyimbo za zamani kuziacha zigeuzwe fimbo ya kuwachapia vijana. Nachagua nne nizipendazo, za nyakati na mitindo tofauti, zitoe ushahidi.

Wa kwanza ni "Kijiti" wa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu aliyekuja kuwa mwimbaji mkuu wa taarabu Unguja, na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Wapenda staha humsifu Siti kwa sauti yake, wakanyamaza kuhusu alichokisema. "Kijiti" ni habari ya mauaji. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Mtuhumiwa akatorokea bara. Walioishia kuadhibiwa wakawa wanawake waliotoa ushahidi. Siti alilitaja jina la mtu huyo, akaiweka kesi mbele ya wasikilizaji wake. Zama zile za ukoloni, mwanamke wa ukoo wa kitumwa aliihoji mahakama kwa wimbo. Ikiwa hiyo ndiyo staha, basi na tuitake zaidi.

Wa pili ni "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala na Super Matimila, wa mwaka 1990. Soksi hapa ni kondomu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka saba ugonjwa ulikuwa umeenea huku lugha rasmi ikizunguka mbuyu. Remmy hakuzunguka. Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo huo, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kuupiga. Maadili yalilindwa; uhai wa wasikilizaji haukuwamo katika hesabu. Wananchi nao walitoa hukumu yao: hadi leo ukipanda daladala kwenda Sinza, yupo atakayeshuka Kwa Remmy. Jina la ofisa aliyeukataa wimbo ule halikupewa kituo.

Wa tatu ni "Ndiyo Mzee" wa Professor Jay, kutoka albamu yake ya mwaka 2001, wakati ambapo bongo fleva ilikuwa bado ikiitwa uhuni. Mwanasiasa anapanda jukwaani, anaahidi yasiyowezekana, na umati unaitikia kwa kauli iliyoupa wimbo jina. Nimesoma maandiko mengi ya kitaaluma kuhusu kampeni za uchaguzi. Machache yameeleza kwa ufasaha kiasi hicho kwamba ahadi ya uongo huhitaji watu wawili, anayeitoa na anayeiitikia. Mwaka 2015 "mhuni" huyo alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mikumi.

Wa nne ni "Wapo" wa Nay wa Mitego, na huu ndio unaobeba hoja yangu yote. Machi 2017 msanii huyo alikamatwa na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia wimbo. Haikupita muda, Waziri mwenye dhamana akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda, ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Wengi tulishangilia. Tulipaswa kuogopa. Kati ya kufungiwa na kufunguliwa, wimbo haukubadilika hata silabi moja. Sheria haikubadilika hata kifungu kimoja. Hakuna mahakama iliyoketi. Kilichoamua ni sikio la mtu mmoja. Na uhuru unaotegemea kwamba mkubwa amefurahi ni hisani, na hisani huondoka na mwenye nayo.

Wapo watakaoniuliza: je, hakuna wimbo unaostahili kuzuiwa? Swali ni halali. Tunazo nyimbo zinazowadhalilisha wanawake, na jirani zetu wa Rwanda wanajua wimbo wa chuki unaweza kufanya nini. Basi tutazame namna jambo hilo lilivyoamuliwa hapa hapa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimshtaki mwanamuziki Simon Bikindi. Ilisikiliza mashahidi na wataalamu, ikazichambua nyimbo zake, na mwaka 2008 ikamtia hatiani, si kwa kutunga nyimbo zile, bali kwa maneno ya kuchochea mauaji aliyoyatamka barabarani kwa kipaza sauti mwaka 1994. Akafungwa miaka 15. Ikiwa kesi ya mauaji ya kimbari ilistahili uangalifu wa namna hiyo wa kutenganisha wimbo na uchochezi, kwa nini wimbo wa kuwakejeli wakubwa ufungiwe kwa tangazo la siku moja?

Ninachodai ni kidogo. Sheria Na. 23 ya 1984 ililiundia taifa baraza la kukuza sanaa. Likuze. Mamlaka ya kuuzima wimbo yawe ya mahakama, kwa shtaka linalosomeka, ushahidi unaopimwa na haki ya kukata rufaa. Wimbo mbaya usiovunja sheria tuachiwe sisi wasikilizaji. Tuna historia ndefu ya kuzisahau nyimbo mbaya bila kusaidiwa na ofisi yoyote.

Kwa wanafunzi: anayewaambia kwamba zilipendwa zilikuwa za adabu, mwombeni ataje moja, kisha isikilizeni naye hadi mwisho. Kwa mtumishi wa umma ambaye kesho ataletewa mezani barua ya kuufungia wimbo: andika sababu, taja kifungu, weka jina lako chini ili miaka 30 ijayo tujue ni nani aliyeamua. Ukiona haya kufanya hivyo, usiisaini.